Nilivyoomba Profesa Asifike

Jamani, hadi leo nikiingia darasani natazama chini. Asubuhi ya semina ya falsafa, zamu ya kueleza kitabu ilikuwa yangu, nami sikuwa nimesoma hata ukurasa. Profesa alikuwa amechelewa. Nikasimama mbele: "Tuombe!" Huku Likasi nani anakataa maombi?

Nikafumba macho. "Baba, gari ya profesa ikufe mu njia!"

"Amen!" darasa zima likaitika.

"Umufunge kinywa, asiniulize kintu!"

Amen zikapungua. Nikadhani imani yao imelegea, nikapaza sauti: "Kama iko karibu kufika, umurudishe ku nyumba!"

Ikasikika Amen moja tu, nzito, nyuma ya bega langu.

"Mungu alinifikisha muzuri, mama pasta," profesa akasema. "Fungula macho, utuelezee kitabu."