Mbwa Wangu Hakuwa na Kichaa

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: wifi yangu simpendi. Najua ndugu wa mume ni watu wa kuvumiliwa, na nimevumilia mengi, ila hili la mbwa wangu silimezi.

Alikuja kwetu Chapwa kutoka Galula, bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha basi, kuku wake wamejaa kwenye tenga. Alisema anakaa wiki mbili, anaangalia biashara ya kufanya hapa mpakani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hakuligusa, na wiki mbili zikawa miezi. Mume wangu ni dereva wa lori, kutwa yuko ng'ambo Zambia, nyumbani anaonekana kwa bahati. Kwa hiyo mwenye dada hayupo, dada yupo, na mimi ndiye wa kupika.

Kuku aliwaweka kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko, pale alipokuwa akilala mbwa wangu. Hakuniuliza. Mbwa mwenyewe alikuwa jike la rangi ya majivu, nililopewa na shangazi yangu wa Ileje likiwa bado halijafumbua macho vizuri, nikalinywesha maziwa kwa kijiko. Mtaa wetu malori yakizidi foleni yanaegeshwa mpaka mlangoni, na watu wa kila namna wanapita. Mume akiwa safarini, nililala usingizi kwa sababu ya yule mbwa. Nilimpenda. Kwetu mtu hasemi hivyo kuhusu mbwa, basi mimi nimesema.

Kiangazi kilipokolea akaanza kujitafuna. Alianzia kwenye shina la mkia, anageuka, anajing'ata kwa meno ya mbele harakaharaka kama mtu anayepukuchua hindi. Akitoka hapo anahamia kwenye mapaja, kisha anajikuna masikio mpaka mguu unagonga mlango wa jiko. Baada ya muda manyoya yakanyonyoka mgongoni, ngozi ikawa nyekundu, ikatoa majimaji. Nilimwogesha kwa sabuni ya kufulia. Akatulia asubuhi, jioni akarudi palepale.

Wifi akapata cha kusema. Wala hakuniambia mimi kwanza, aliwaambia wanawake bombani.

"Yule mbwa ana kichaa," alisema. "Mbwa akianza kujila mwenyewe, kesho anakula watu. Kwetu tumeyaona."

Nilimkuta anayasema hayo, ndoo yake haijajaa bado, mdomo umejaa. Nikamwambia mbwa amechanjwa kichaa, mtaa mzima ulimwona siku ya chanjo. Akanijibu, "Wifi, chanjo ni maji tu. Mimi naangalia watoto wa watu." Yeye, ambaye hakuwahi kumfuta mtoto kamasi tangu aje.

Maneno yakasambaa. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Wanawake waliokuwa wakiingia kwangu kuomba chumvi wakawa wanaita kutoka nje ya uzio. Haikupita muda mwenyekiti wa mtaa akaja, akasimama mbali na mbwa, mkono kwenye mfuko wa koti.

"Mama, malalamiko yamekuwa mengi," alisema. "Nakupa mpaka Jumapili. Kama hujamwondoa mwenyewe, mgambo watakuja kumwondoa."

"Kumwondoa kumpeleka wapi, mwenyekiti?"

"Mama, na wewe bwana. Unaelewa."

Nilielewa. Nikampigia simu mume wangu, akiwa amekwama njiani na mzigo. Nikamweleza yote kwa hasira. Akavuta pumzi, akasema, "Mke wangu, msikilize dada. Hayo ya mbwa yeye anayajua." Nikakata. Sikumpigia tena wiki hiyo, na sijutii.

Ijumaa asubuhi nikaenda ofisi ya kata kumtafuta bwana mifugo. Nilimsubiri sana, alikuwa kwenye ng'ombe wa watu, lakini alikubali kuja nami. Tulipoingia uani mbwa wangu alikuwa mweusi tititi. Anang'aa. Wifi alikuwa amemfunga kamba kwenye nguzo, akachukua dumu la oili chafu, ile iliyokwisha kutumika, inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori, ambayo mume wangu huitumia kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, akampaka kuanzia shingoni hadi mkiani. Mbwa alikuwa akijilamba. Alikuwa akijilamba kwa bidii zote alizokuwa nazo, mdomo mweusi, ulimi mweusi.

"Nimemsaidia," wifi alisema, akijifuta mikono kwa gunia. "Kwetu mbwa wa ukurutu tunampaka oili. Anapona."

Juzi kichaa, leo ukurutu. Nilitaka kumrukia. Bwana mifugo alinishika bega, akaomba mafuta ya kula na sabuni ya maji, tukaanza kumsugua kwa mafuta kwanza, kisha sabuni, kisha tena. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo aliongea akiwa amekunja uso.

"Oili hii ni sumu," alisema. "Inaingia kwa ngozi, na kwa sababu mbwa anajilamba, inaingia na tumboni. Akitapika, inaingia mapafuni. Hapo hakuna dawa ya maana."

Tulipofika shina la mkia, mahali ambapo oili haikushika vizuri, alipanua manyoya, akakusanya chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, akaziweka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikaanza kutoa wekundu.

"Hicho ni kinyesi cha viroboto. Damu ya mbwa wako. Wapo mbwa ambao ngozi yao haivumilii mate ya kiroboto kabisa, anaumwa na mmoja, anawashwa siku nyingi. Ndiyo maana unamwogesha na anaendelea. Mbwa anaweza kujitafuna kwa sababu ya kupe, ukurutu, chakula kisichomfaa, hata kufungwa kutwa bila kazi. Na kichaa hatukipuuzi, lakini huyu amechanjwa, anakula, anakunywa maji, anakujua. Huyu ana viroboto." Akainuka. "Sasa wanatoka wapi? Kwenye mbwa wanakula tu. Mayai na watoto wao wako chini, kwenye vumbi anapolala."

Akaingia kibandani. Akatoka na mtetea mmoja amemshika mabawa, akamgeuza uso tuone. Kuzunguka macho na kwenye kilemba walijipanga viroboto weusi wamejikita kama vichwa vya misumari.

"Hawa kuku ni wa nani?" aliuliza.

Nyani haoni kundule. Wifi aliangalia kuku wake kana kwamba wameletwa na mimi. "Kuku wangu hawajaumwa hata siku moja," alisema, akaingia ndani.

Bwana mifugo aliniachia dawa ya kunyunyiza kibandani na ndani ya nyumba, akapitia kwa mwenyekiti kumwambia mbwa hana kichaa. Mwenyekiti akakubali. Habari ya mgambo ikafutwa. Nilifurahi kama mjinga.

Kwa sababu jioni ileile mbwa alianza kutapika. Jumamosi alikuwa akitetemeka, pumzi inakwaruza, hataki hata maziwa. Nilimlaza jikoni kwenye khanga yangu. Jumapili watu wakienda kanisani alikufa, kichwa chake juu ya mguu wangu. Nililia kwa sauti, na sikujali anayesikia.

Walisikia. Wakaja wale wanawake wa bombani, wakasimama uani. Wifi akawapokea yeye.

"Si niliwaambia?" alisema. "Mbwa mzima anakufaje siku mbili? Kichaa hicho."

Na wakaamini! Mmoja akamshukuru mbele yangu kwa kuuokoa mtaa. Nikasema oili, nikasema viroboto, wakanitazama kama mama aliyechanganywa na uchungu. Nikachimba shimo mwenyewe kando ya uzio, nikamzika.

Dawa sikuinyunyiza. Sikuwa na moyo wa kushika chochote. Na viroboto waliokuwa vumbini, mbwa wao wa kula akiwa hayupo, wakatafuta miguu mingine. Mimi walinipata kidogo. Wifi, aliyeshinda kibandani na kuku wake, walimpata vilivyo. Alijikuna vifundoni mpaka akatoka vidonda, akikaa anakuna, akisimama anasugua mguu kwa mguu.

Siku moja wanawake wale wako uani wanachambua maharage, akanijia mbele yao.

"Wifi, ile dawa aliyoacha bwana mifugo iko wapi? Nateketea."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalileta lile dumu la oili, nikalitua miguuni pake.

"Kwenu si mnapaka hii?" nikamwambia. "Jipake, wifi. Utapona."

Akaruka nyuma mpaka akaangusha ungo.

"Unataka kuniua?" alipiga kelele.

Mikono yote ikasimama juu ya maharage. Walikuwa wakimtazama yeye, kisha dumu, kisha kile kirundo cha udongo kando ya uzio.