Diko Linakwenda na Maji

Nilimwambia fundi mapema kabisa: diko, pale boti inaposhukia, haliendi na kijiji, linakwenda na maji. Akacheka. Kijana wa Dar huyo, shati limenyooka, kaja Kibiti na kompyuta ya mradi wetu wa afya kututengenezea fomu ya kuagizia gari la wagonjwa. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, maduka, redio, milango ya wafadhili, na programu yenyewe ilikuwa hivyohivyo, haina umbo mpaka uiambie unavyotaka.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu ya upepo kutoka zahanati za delta, kisha kulituma gari likaisubiri boti ya mgonjwa. Kwa hiyo tukakaa wawili tunapanga visanduku vya fomu. Ukichagua kata, kisanduku cha pili kinakuonyesha vijiji vya kata hiyo tu. Ukichagua kijiji, cha tatu kinajijaza chenyewe diko ambalo boti itashukia. Mpaka kwenye vijiji nilikuwa nafurahi kama mtoto. Tulipofika kwenye diko tukaanza kugombana.

"Mimi mtu wa visiwani, fundi," nikamwambia. "Maji yakiwa bamvua, kijito chetu kinajaa, boti inakata njia fupi inatokea diko la juu. Yakiwa maji mafu, kijito kinabaki tope tupu, boti inazunguka na mto mkubwa, inatokea diko la chini. Kijiji ni kilekile."

"Dada, kisanduku hiki kinategemea kijiji basi. Chagua diko moja."

"Kiache wazi nijaze mwenyewe."

Mratibu wa mradi, aliyekuwa kaegemea mlango, akasema hapana. Dereva wetu wa zamani alizoea kujichagulia diko lenye abiria na magunia ya mkaa, wagonjwa wakabaki juani. Hilo lilikuwa kweli, siwezi kumwonea. Basi kijiji chetu kikaandikiwa diko la juu, kisanduku kikafungwa kwa neno la siri, na fundi akaondoka nalo kurudi Dar. Mlinzi wa geti na dereva mpya wakaonywa: gari likienda pasipo karatasi ya mashine, au kwa karatasi iliyokorogwa na kalamu, wote hawana kazi.

"Haya, shauri yenu," nikasema. Nikanuna wiki nzima.

Halafu Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, zahanati ya kwetu ikaita. Nesi sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Mwanamke ana uchungu tangu jana, mtoto kakaa vibaya, damu inatoka. Boti imeshaondoka naye, yuko na mama mkwe wake. Nikauliza jina la mgonjwa. Akataja jina la mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja! Mumewe alikuwa mikokoni anakata boriti, hana habari.

Maji sikuhitaji kuuliza. Mwezi ulikuwa nusu, na mwezi nusu ni maji mafu. Nahodha wa boti asingethubutu kupita kijitoni, angezunguka kwenda diko la chini. Nikachagua kata. Nikachagua kijiji. Kisanduku kikajijaza: diko la juu. Nikabonyeza, nikafuta, nikagonga meza, wapi! Nikampigia mratibu, alikuwa Dar, simu haipatikani.

Nikatoka mbio hadi kwa dereva. "Kaka yangu, nenda diko la chini."

"Karatasi inasemaje, dada?"

"Achana na karatasi, mdogo wangu anakufa!"

"Na mimi nina watoto, dada." Alisema akiangalia chini, na mlinzi akasimama mbele ya geti. Hawakuwa watu wabaya. Nilitamani kuwararua tu.

Nikarudi kwenye kiti. Kuchukia mtu nimewahi, lakini sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kisanduku. Damu inamtoka mwenzio mtoni, nacho kimetulia pale, kimefunga mdomo. Ndipo nikafahamu kwamba mashine inachojua ni kijiji tu. Basi nitaipa kijiji. Ng'ambo ya mto mkubwa kuna kijiji ambacho boti yake siku zote inashukia diko la chini. Nikamwandika mdogo wangu huko. Diko la chini likajaa lenyewe, na printa ikaanza kukohoa taratibu, utadhani tuna siku nzima.

Dereva akaisoma karatasi, akanitazama, akawasha gari.

Walimleta jua limepoa, kanga zimelowa, macho meupe. Karatasi yangu ikaingia naye kituo cha afya. Daktari alimpasua, na baadaye akaniambia kwamba wangechelewa kidogo tungewakosa wote wawili. Nililia barazani mpaka kamasi zikanitoka, sikuona haya.

Asubuhi nimekwenda nyumbani kuoga tu na kubadili nguo, mlango ukasukumwa. Shemeji yangu. Miguu ina tope mpaka magotini, kwapani kabana kitambaa cheupe kipya.

"Shemeji," akasema, "nimekatisha kijitoni kwa miguu hadi diko la juu, watu wa pale hawakuiona boti. Nimefika kituoni, karani katazama daftari, anasema kutoka kijiji chetu hakuletwa mtu." Akagusa kile kitambaa. "Nimenunua sanda kabisa. Mwili ukipatikana tusihangaike."

Jina lilikuwemo. Lakini karani alinakili karatasi yangu, likaandikwa la kijiji kingine, na majina ya watu wa delta yanafanana, nani angeuliza zaidi? Nikamshika mkono, jambo ambalo shemeji na shemeji hawafanyi, nikamburura barabarani naye ananifuata kama kipofu.

Mdogo wangu alikuwa kaegemea mto, mtoto kifuani. Mumewe akasimama mlangoni, akaanguka chini akalia kwa sauti. Wodi nzima ikageuka.

"Na hicho ulichokuja nacho?" mdogo wangu akauliza.

Alinyoosha mkono, akakipapasa, akajua. Kisha akaomba mkasi kwa nesi, akakata, akararua vipande vipande. "Nepi," akasema. "Wa kwangu kaja bila hata moja."

Jumatatu mratibu alirudi, akataka nieleze kwa nini nimedanganya kwenye fomu. Nikaweka mezani kwake kipande kimoja, bado kibichi kwa mkojo.

"Nini hiki?"

"Sanda, bosi. Ya mdogo wangu."

Nikamweleza yote, sauti ikiwa juu. Alikitazama kile kipande, akavuta simu akamwita fundi arudi kukifungua kisanduku.