Jina la Mtengeneza Mapipa

Wiki iliyopita, ghalani ninakofanya kazi hapa Buffalo, alikuja mfanyakazi mpya. Niliposoma Cooper kwenye kitambulisho chake, nilirudi Louisville, mtaa wa Beechmont, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Jirani yetu aliitwa hivyo. Mzee wa Kizungu, mpole, aliyekula sombe ya bibi, yaani kisamvu, bila kuuliza ni majani gani.

Mwaka ule mwalimu alitaka kila mtoto asimame aeleze jina la ukoo wake. Mimi niliogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Tena kwetu Kivu kila mtoto hupewa jina lake: mimi la mama yake bibi, kaka yangu la mjomba. Wenzangu waliposikia kwamba mimi na kaka tuna majina tofauti, wakaanza: "Mwongo we! Huyo si kaka yako." Iliniuma. Kaka ndiye aliyenishika mkono safari nzima ya kuja huku.

Jioni nilimweleza jirani alipokuja kula kwetu. Akasema Cooper ni mtengeneza mapipa. Zamani Uingereza, kijiji kikiwa na akina John watano, mmoja aliitwa wa mapipa, mwingine wa mikate. Watoto walirithi kazi pamoja na jina. Kazi ikaisha, jina likabaki.

Nikamtafsiria bibi, aliyekuwa na mwiko mkononi.

"Bon, na yeye anatengenezaka mapipa?"

"Hapana, bibi. Alikuwa dereva wa basi."

"Donc anabebaka jina ya kazi ya mutu hakumuonaka!" Akamwongezea sombe. "Ile yako ni ya mama yangu. Alinibeba mgongoni. Wende uwaambie."

Kesho yake nilisimama darasani. Nikasema majina mengine hukumbuka kazi, yetu hukumbuka watu. Kaka ana wake, nami nina wangu, ili asisahaulike yeyote. Yule aliyeniita mwongo akauliza, "Mimi ni Taylor. Kwa hiyo babu alishona nguo?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Bibi na jirani wamezikwa kulekule. Wadogo zetu waliozaliwa Amerika wameandikwa jina la baba, maana fomu hutaka hivyo. Nilidhani desturi imekwisha. Lakini juzi kaka alinipigia kutoka Columbus, amepata binti.

"Dada, tumempa jina la bibi."

Hospitali walimuuliza kwa nini jina la mtoto halifanani na lake. Akawaambia wavute viti.