Fensi ya Mbuzi

Wiki jana binamu yangu alikuja hapa Kabazi na mashine ya kukatia miti. Alitaka tung'oe fensi ya kayaba, ile miti ya miiba iliyo kati ya shamba langu na lao, eti inameza nafasi. Nilitazama ile miiba, nikakumbuka alasiri moja.

Mama aliipanda mwenyewe, baada ya baba kufariki. Alikaza leso kiunoni, akavuta kamba kutoka mtoni hadi barabarani, akaanza kuchimba mtaro. Udongo ulinuka mvua ya jana yake. Mimi nilimpa mche mmoja mmoja, miiba ikinichoma vidole, mpaka babake huyu binamu, mdogo wa baba yangu, akaja akaikanyaga kamba.

"Mama Njeri, nani amekuruhusu kufunga shamba la ndugu yangu?"

Mama hakuinua kichwa. "Hii ni ya kuzuia mbuzi, shemeji."

"Mbuzi wa nani?"

"Wanaokula vya wenyewe. Toa mguu kwa kamba yangu."

Akautoa. Jembe likaendelea, pu, pu.

Mimi nilishangaa, maana kijiji kizima hakikuwa na mbuzi hata mmoja. Siku nyingi nilishinda kando ya fensi na fimbo, nikiwangoja. Baba mdogo akipita, nilimsalimia vizuri na kumuuliza kama amewaona. Alikaza mwendo, akaenda zake.

Binamu aliwasha mashine, ikanguruma. Nikasimama mbele ya kayaba.

"Zima hiyo kitu," nikamwambia. "Mbuzi bado hawajaisha."