Kipimo Kilichomwaga Maziwa ya Mama Kembabazi

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, siku nilipomwaga maziwa ya mtu asiye na kosa. Nimesikia umepata nafasi ya kwenda Mbarara kujifunza kazi ya labo, yaani maabara, na hapa kambini Nakivale majirani wote wanashangilia. Mimi pia nashangilia. Lakini kabla hujafunga begi lako, kaa kidogo na mama yako nikusimulie, maana mwenda pole hajikwai.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikuwa tumefika huku kutoka upande wa Uvira, mimi na marehemu mama yangu, na kwa bahati kiwanda kidogo cha maziwa pale Mbarara kilinichukua nisaidie labo, kwa kuwa nilisoma chimie, ndiyo kemia, kidogo kwetu. Kiwanda chenyewe hakipo tena. Walinipa koti jeupe. Mama alipoliona aliwatangazia wanawake wote waliokuwa wakipanga foleni ya maji: "Mutoto wangu sasa ni munganga wa maziwa!" Nami nilitembea kama munganga kweli.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Kamugisha, Munyankore wa huku Ankole, mwembamba, aliyesema polepole. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima pH, ile namba inayoonyesha uchachu wa kitu. Maziwa mazima hukaa chini kidogo ya saba. Yakichacha, namba inashuka. Mtu akitia magadi ili kuficha uchachu, namba inapanda na kuipita saba. Hatukupima pH ya kila debe, la. Tulipima yale tu tuliyoyatilia shaka.

Na kipimo chenyewe, mwanangu, hakijui kitu mpaka ukifundishe. Kila asubuhi unamimina kikombeni bafa kidogo, maji ya dawa ambayo namba yake inajulikana, moja ya saba na nyingine ya nne. Unatumbukiza elektrodi, kile kijiti chenye kichwa cha kioo, unakiambia kipimo: hii ni saba, hii ni nne. Ukimaliza, bafa uliyotumia unaimwaga. Hapo kwenye kumwaga ndipo nilipoanguka. Mimi nilitoka fasi ambapo mafuta ya kukaangia yanahesabiwa kwa kijiko. Kumwaga kitu safi namna ile, moyo ulikataa. Kwa hiyo Mzee akigeuka, niliirudisha chupani. Tena sikuwa nasuuza elektrodi vizuri ikitoka kwenye ile ya nne. Siku baada ya siku asidi ikaingia kwenye chupa ya saba, na chupa ikabaki na karatasi yake nzuri imeandikwa saba. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Asubuhi moja Mzee alikwenda mjini kati kutafuta vifaa. Saa tano, jua likiwa kali, akaja mama mmoja kwa bodaboda kutoka Bwizibwera, debe lake amelifunga nyuma kwa kamba za mpira. Aliitwa Mama Kembabazi, mjane. Gari la maziwa lilikuwa limemwacha. Nikashangaa: maziwa ya saa tano, na hayajachacha hata kidogo! Mtu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema chinichini, "Huyo ametia magadi." Nami nikalichukua neno lile kabla ya kuchukua kipimo. Kumbe ndilo kosa la kwanza.

Nilipima mara moja tu. Saba nukta mbili.

"Mama, umeweka magadi," nikamwambia mbele ya watu.

Alinitazama kama hakusikia. Marehemu mume wake alikuwa askari, na mama huyu Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya jeshi. "Magadi? Mimi iko kunywa hii maziwa na wajukuu yangu. Nitaweka magadi namna gani? Mimi naweka debe kwa maji ya baridi, ya kisima, tangu asubuhi."

"Mashini imesema," nikajibu.

Maziwa yakamwagwa kwenye mfereji mbele ya macho yake. Jina lake nikaliandika kwa chaki kwenye ubao wa ukutani, ule wa watu wasiopokelewa. Hakulia. Aliokota debe lake tupu, akalifunga mgongoni kwa zile kamba taratibu, akaondoka kwa miguu, maana nauli ya kurudia ilikuwa kwenye maziwa yale.

Mzee Kamugisha aliporudi alisoma ubao. Kisha akaniuliza, "Furaha, ulipima mara ngapi?"

"Moja, Mzee."

"Na maziwa gani mengine ulipima pembeni yake?"

"Hakuna."

Hakunigombeza. Alikwenda jikoni, akaleta kikombe cha maziwa yetu ya chai, ya ng'ombe wake mwenyewe, akaniambia nipime. Nikapima. Saba nukta mbili. Nikarudia. Saba nukta mbili.

"Haya," akasema, "andika na jina langu ubaoni."

Nilitaka kusema mashini imezeeka. Lakini yeye alikwisha kufungua chupa mpya ya bafa ya saba. Tuliitumbukiza elektrodi, tukasubiri namba itulie. Saba nukta sita. Bafa ya saba! Ndipo nikaketi sakafuni na koti langu jeupe, nikamweleza yote, machozi yakinitoka.

"Najua kwa nini uliirudisha," akasema. "Nimewahi kula kwenu, naona jinsi mama yako anavyotunza vitu. Lakini mashini haijui ukweli, Furaha. Inasema ulichoifundisha. Sasa kosa la mashini tumelitengeneza. Lako wewe litatengenezwa Bwizibwera."

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Mimi mkimbizi, mgeni, nisimame mbele ya wenyeji niseme nimemsingizia mama yao? Nitafukuzwa kazi. Watasema, si mnawaona hawa watu. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda gari la maziwa pamoja na Mzee. Pale wanapokusanyia maziwa watu walikuwa wengi, na Mama Kembabazi alisimama peke yake kando, kwa sababu kundi lake la wafugaji lilikuwa limekataa kuchanganya maziwa yao na yake. Usiku mmoja tu, na tayari jina lilikuwa limeharibika.

Nikasema kwa sauti: "Maziwa ya mama huyu yalikuwa mazuri. Ni mimi niliyeharibu kipimo. Mama, nisamehe."

Yule wa foleni, aliyesema habari ya magadi, akajifanya anakaza kifuniko cha debe lake. Mama Kembabazi akauliza tu, "Jina yangu iko kwa ukuta. Nani atatoa?"

"Mimi, mama. Kwa mkono wangu."

"Basi. Enda toa."

Nikalifuta siku ileile. Hakunikumbatia, na alikuwa na haki. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ni vivyo hivyo. Wiki nyingi alinisalimia kwa nusu mdomo. Kisha siku moja ya Jumapili akaniita kwake, nikamkuta anapiga eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa watu wa Ankole. Akachukua magadi kidogo, akayatia kwenye samli huku ananiangalia. "Hii sasa nimeweka," akasema. "Andika!" Tukacheka mpaka wajukuu wake wakaja kuchungulia. Nilikula siku ile, mwanangu, mpaka nikashindwa kuinuka.

Basi sikia ninachokuambia. Bafa iliyotoka chupani isirudi chupani. Suuza elektrodi kwa maji safi kila inapotoka kitu kimoja kwenda kingine, na usiisugue kwa kitambaa, iguse tu. Usiiache ikauke, na ukipima vitu vyenye mafuta kama maziwa, ioshe sana, maana mafuta huiziba kichwa. Kitu cha moto na kitu cha baridi havisemi namba moja. Namba ikikimbia, ngoja itulie. Rudia. Na daima pima kando yake kitu unachokijua, kwa maana msema pweke hakosi, na kipimo kilicho peke yake ni hivyohivyo. Lakini zaidi ya haya yote, usiingie labo ukiwa umeshapata jibu kwenye foleni. Nyuma ya kila chupa utakayopewa yupo mtu. Ukikosea, nenda kwake mwenyewe, mapema, useme. Wala usimtume mwingine.

Mungu wa baba zetu, aliyetuvusha tukafika huku wazima, akuongoze mwanangu. Akupe macho yasiyo na haraka na mikono safi. Akupe mkubwa wa kazi atakayekurekebisha kwa upole. Na watu watakaokuletea vitu vyao uvipime, warudi makwao wakilitaja jina lako vizuri. Amina.