Mkoba Usio na Mwenyewe

Mama yangu ana imani moja ambayo hakuna daktari wala shehe aliyewahi kuitikisa: maradhi yakitajwa huongezeka. Kwetu Malindi si yeye peke yake. Mtaani mwetu mtu hulazwa, akapasuliwa, akashonwa, na jirani wa ukuta mmoja akaambiwa amekwenda Kilifi kusalimia. Lakini mama amepita kiasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia siku moja nimechoka. Akanijibu kwamba wenye kusema methali hiyo hawakuwa na majirani kama wetu.

Alipopasuliwa, madaktari waliutoa mwisho wa utumbo wake nje, kando ya kitovu, wakabandika mfuko wa kupokea choo. Walisema ni kwa muda tu, kidonda cha ndani kipone, kisha atakwenda Nairobi akarudishiwe. Muda huo nimeuishi mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiubandua ule mfuko, nikimsafisha, nikikata tundu la mfuko mpya kwa mkasi na kulisawazisha na utumbo wake. Na mimi ndiye niliyekuwa nikidanganya. Shangazi zangu walikuwa wakiambiwa mama anafunga sunna, mama amelala, mama kaenda Rabai kwa mambo ya shamba. Hatuna shamba Rabai. Hatuna shamba popote.

Siku ya Nairobi ilipopatikana, daktari alisema asikae kwenye basi kutwa nzima na mfuko ule, apande ndege. Akaonya pia kwamba akiikosa siku hiyo atarudi nyuma kabisa ya foleni, na foleni ya hospitali ile watu huingia na nywele nyeusi wakatoka na mvi. Basi mama akatangaza harusi. Mpwa wake anaoa Nairobi, akasema, na mimi bintiye ndiye ninayempeleka. Na ili harusi ikae sawa kwenye macho ya watu, akapaka hina vidole vyote kumi mpaka kwenye kucha, ilhali daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba kucha ziwe safi, mashine ya kupimia pumzi hushikizwa kidoleni. Nilipoiona ile hina nilitoka uani nikasimama peke yangu, maana ningebaki ndani ningemkosea adabu mzazi.

Vifaa vyake nilivitia kwenye mkoba mmoja mweusi: mifuko mipya, unga wa kukaushia ngozi, gundi ya tyubu, vitambaa, na ule mkasi. Barua ya daktari niliiweka humohumo. Mkoba mkubwa wa nguo uliingia chini ya ndege, huu mdogo ukabaki nasi, maana mfuko wa tumboni haungojei mtu afike.

Uwanja wa ndege wetu ni mdogo, mtu akipiga chafya mlangoni huombewa rehema na walio ndani. Tulikuwa tumeshafika karibu na mashine ya mizigo niliposikia sauti nyuma yetu.

"Hee! Nyinyi mwasafiri na wala hamuagi?"

Nilijua kabla ya kugeuka. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye habari zikitoka kinywani mwake asubuhi, adhuhuri zimeshafika Kikambala. Anakwenda Nairobi kumwangalia binti yake aliyejifungua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mwaenda wapi?"

"Harusini," mama akadakia, akanyoosha vidole vyake. Jirani akaisifu hina.

Mama alitangulia kuvua viatu. Mimi nikauweka mkoba mweusi juu ya ukanda, ukaingia ndani ya mashine. Ukasimama. Ukarudishwa nyuma, ukaenda mbele, ukasimama tena. Askari wa ukaguzi, binti wa bara aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama wembe, akauinua juu kama anayenadi kuku.

"Hii begi ni ya nani? Kuna mkasi ndani. Na hizi plastiki ni za nini?"

Nikafungua mdomo. Lakini mama alikuwa karibu naye zaidi, na jirani alikuwa nyuma yangu shingo imeshanyooka.

"Mama, ni yako?"

"Si wangu huo," mama akasema. "Siujui."

Labda kwa mama hilo lilikuwa jambo dogo, kama kukana sahani iliyovunjika jikoni. Uwanja wa ndege ni kitu kingine. Mkoba usio na mwenyewe, wenye mkasi na tyubu na vitu visivyojulikana, si mkoba tena. Yule binti aliuweka chini taratibu, akarudi nyuma, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja. Sote tukaambiwa tusogee ukutani. Wazungu wawili waliotoka kwenye hoteli za Bofa wakaanza kuulizana. Nje nikaiona ndege yetu imeshafunguliwa mlango, na ndani yangu nikahisi hasira inapanda kutoka miguuni. Miezi yote ile, uongo wote ule, na sasa tutaikosa siku ya daktari kwa sababu ya jirani!

"Ni wangu," nikasema kwa nguvu. "Mkoba ni wangu mimi."

"Mbona hukusema?" mkubwa akauliza.

"Nilishikwa na aibu."

Akaufungua, akatoa mfuko mmoja, akaugeuza huku na huku. Sikuwa na njia nyingine. Nikamwambia ni wa choo, unabandikwa tumboni, mgonjwa ni mimi, nakwenda hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Alipunguza sauti, akasema basi nitaingia chumba cha pembeni na yule binti, aone huo niliovaa, kisha tutaendelea.

Huo niliovaa! Nilikuwa nimevaa gauni na uongo wa mama, basi.

Nyuma yangu jirani akavuta pumzi. "Maskini," akasema, si kwa kunong'ona. "Na bado hajaolewa."

Sijui ni neno gani katika hayo lililomfikia mama. Nadhani aliiona safari yote ya habari ile, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa kila mwenye kijana wa kuoza, nami nimebandikwa maradhi yasiyo yangu. Alikuwa miguu mitupu, viatu vyake bado viko kwenye trei. Akaja mpaka katikati ya chumba.

"Muacheni mtoto," akasema. "Ni wangu. Utumbo wangu umetolewa nje, hapa, choo chatokea hapa. Twende huko chumbani nikuonyeshe, mwanangu, upesi, ndege ile." Kisha akamgeukia jirani. "Na wewe ushasikia. Sina harusi. Sasa niombee."



Mama akaingia na yule binti, wakatoka. Mifuko ikaruhusiwa, tyubu ikaruhusiwa. Mkasi ukakataliwa, hata nilipoonyesha barua ya daktari. Nikauliza, je, mgonjwa akichafuka huko Nairobi kabla hatujafika hospitali, nitakata tundu kwa meno? Mkubwa akakuna kichwa, akasema nikate hapahapa mezani pake, kisha nimwachie mkasi. Basi nikakata, mbele ya abiria wote. Jirani alinisogelea, akanishikia mifuko isiteleze. Mama amesimama juu ya kichwa changu ananikemea kwamba nakata makubwa.

Tulipanda ndege tukiwa wa mwisho. Mama aliniambia nikae nyuma, yeye atakaa na mwenzake. Mwenzake! Kutoka Malindi mpaka juu ya Nairobi hawakunyamaza. Alimsimulia kila kitu, harufu, vidonda vya ngozi, usiku mfuko ulipopasuka juu ya shuka mpya, siri zote nilizozilinda kwa ndimi tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na mkoba mapajani nikitamani kumtikisa.

Kisha sauti yake ikashuka, nami nikainama mbele.

"Nina khofu, shoga," akasema. "Naona wakinilaza safari hii sitaamka."

Kila siku niliyombadilisha mfuko ule nilimuuliza kama anaogopa, na kila siku aliniambia aogope nini, yeye si mtoto. Jirani akaushika mkono wake wenye hina, akauweka pajani pake. Nami nikabaki nyuma yao, nimeudhika mpaka machozi yakanitoka, maana ule mkono ulikuwa niushike mimi.