Waliotokea Kwenye Mtihani

Nimewajua walimu wa lugha katika miji mingi, lakini jirani yangu wa Kasulu, mwaka tisini na mbili, mitihani yake ya Kiingereza aliitungia sokoni. Alisimama mbele ya mafungu ya maharage, kipande cha chaki nyuma ya sikio, akinong'ona sentensi ambamo kitenzi sharti kikubaliane na kiima. Kila sentensi ilitaka watu, naye akawachukua wauzaji: Josephina anapepeta, Josephina na Asnath wanapepeta. Wanafunzi wakitoka shule, soko zima lilijua nani katokea.

Asubuhi moja Asnath alifunika maharage yake kwa kitenge. "Sikuuzii, mwalimu. Umeniweka na huyu! Tangu mavuno hatusemezani, sasa watu wanadai tumepatana."

"Darasa zima lilikosa, mama. Waliandika kitenzi cha mtu mmoja. Wanasema nyinyi hampepeti pamoja."

Josephina, wa meza ya pili, akaguna. "Umewafelisha watoto, Asnath."

"Mimi? Nani alinuna kwanza?"

"Ulichukua ungo wangu ukakaa nao!"

"Si huu hapa? Njoo uuchukue!"

Wakaendelea hivyo, kwa Kiha, wakipaza sauti hadi kicheko kikawatoka. Mwalimu alifunua kitenge, akajipimia maharage taratibu, asiwakatize.